Mama Akirudi Kazini, Maziwa Yasikauke

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa vikundi vya kujisaidia katika eneo la majani chai, Kericho. Vikundi vingine ambavyo havikufika viliomba tuyaandike. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali.)

  

Tuanze na ng'ombe. Hapa karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa, hata kama ni mmoja. Hebu tuulizane: ng'ombe akiwa na mimba, na amebakisha miezi miwili azae, mnamkaushaje?

(Mzee mmoja alijibu: "Unapunguza kumkamua. Unakamua mara moja kwa siku, halafu unaruka siku, halafu unaacha.")

Sawa kabisa, mzee.  Hakuna anayempa dawa ya kienyeji. Unaacha tu kumkamua, na mwili wake unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki tena.

Sasa tuje kwa mama ambaye likizo yake ya uzazi inakaribia kuisha. Tunamwambia nini? Tunamwambia: "Mzoeshe mtoto kukaa bila titi. Mchana mpe chupa. Wacha matiti yapumzike yajae, jioni utakuwa na maziwa mengi." Yaani tunamkausha kama vile mzee alivyosema, hatua kwa hatua. Halafu akishafanya kazi wiki mbili tunashangaa. Ati maziwa yake yameisha. Ati hana damu ya kutosha. Ati kuna jirani mwenye jicho baya.

Tunasema "tunamwambia" kwa sababu na sisi tulisema hivyo. Ilikuwa mwaka 2009. Tulikuwa na diploma yetu ya ustawi wa jamii, bado mpya, na tulikuwa tunatembelea nyumba za wafanyakazi. Mama mmoja mchumaji wa majani alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, mnene, anayeng'aa. Akatuuliza afanye nini, kwa kuwa alikuwa anarudi kazini baada ya wiki mbili. Hatukuwa na jibu, na badala ya kusema hatujui, tulimpa lile tulilosikia kwa wengine: amwachishe polepole mchana, ayape matiti nafasi ya kujaa. Alikuwa mtu msikivu. Alifanya kama tulivyomwambia, bila kuacha hata kitu kimoja.

Siku ya kwanza kazini maziwa yalikuwa yameshapungua nusu. Baada ya wiki mbili akikamua anapata matone. Mtoto akawekwa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, katika chupa iliyooshwa kwa maji ya mto na msichana wa miaka kumi na minne. Kuhara kulianza Alhamisi. Jumamosi macho yalikuwa yameingia ndani na mtoto hana nguvu ya kulia. Alilazwa, akatiwa maji ya mshipa, na Mungu ni mwema, alipona. Tulikwenda kumwona hospitalini. Mama yule alitushukuru kwa kumtembelea. Hakujua kwamba shauri lililomfikisha pale kitandani lilitoka kwetu. Tulimwambia baadaye, si siku ile, na tunakiri kwamba siku ile tuliogopa.

Ndiyo maana leo tumekuja na jambo moja tu. Mama anayejiandaa kurudi kazini asipumzishe matiti. Aongeze kuyatoa maziwa.

Maziwa yanatengenezwaje

Titi si debe la kujazwa na kumwagwa. Mtoto akinyonya, ubongo wa mama unapata habari na unatoa homoni mbili. Moja inaliambia titi litengeneze maziwa. Nyingine inayasukuma yashuke, na hiyo ndiyo mama huisikia kama kuwashwa au kukazwa, wakati mwingine hata mtoto wa jirani akilia. Lakini kuna jambo la tatu ambalo wengi hatukufundishwa. Maziwa yakibaki yamejaa ndani ya titi, yenyewe yanaliambia titi lipunguze kazi. Titi lililojaa linatengeneza polepole. Titi lililotolewa linatengeneza haraka. Kwa hiyo mama anayengoja "yajae" anapata maziwa mengi siku hiyo moja, na machache kila siku baadaye.

Ile homoni ya kutengeneza hutoka kwa wingi zaidi usiku. Kumnyonyesha mtoto usiku, ingawa ni kuchosha, ni kazi yenye faida kuliko tunavyofikiri. Mama anayefanya kazi mchana usiku ndio shamba lake.

Na chakula je? Uji wa wimbi ni mzuri. Supu ni nzuri. Ndugu zetu Wakikuyu humpa mzazi njahi, na hatutawakataza. Mama anayenyonyesha anasikia njaa na kiu, na anastahili kula sahani ya ziada kila siku. Lakini tusidanganyane. Chakula kinampa mama nguvu. Kinachoita maziwa ni mtoto, au mkono wa mama mwenyewe. Unaweza kunywa uji sufuria nzima, na kama maziwa hayatolewi, yatakauka.

Likizo ina siku ngapi

Tuguse sheria kidogo, maana wengi wanapoteza siku zao kwa kutojua. Zamani sheria ilimpa mama miezi miwili ya likizo ya uzazi, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilibadilisha mambo hayo. Sasa ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba anapata wiki mbili. Tena likizo ya mwaka haipotei. Hiyo ni siku zisizopungua 21 za kazi kwa aliyemaliza miezi kumi na miwili. Kwa hiyo mama akipatana mapema na msimamizi wake, anaweza kuziunganisha, na mtoto akafika karibu miezi minne kabla mama hajarudi. Andikeni barua. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku ambayo majani yamekuwa mengi.

Wataalamu wa afya, hapa Kenya na duniani, wanasema mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka miwili au zaidi. Fanyeni hesabu wenyewe. Likizo ni miezi mitatu, maziwa peke yake ni miezi sita. Katikati pana shimo, na watoto wetu wanatumbukia humo.

Tusikate tamaa lakini. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2003, watoto waliokuwa chini ya miezi sita wakipewa maziwa ya mama peke yake walikuwa 13 tu kwa kila 100. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Akina mama wa Kenya wamefanya kazi kubwa. Tunaona tu kwamba tumesimama mahali pamoja, na sisi tunaokaa katika majani tunaweza kubahatisha sababu mojawapo.

Wiki tatu kabla ya kurudi

Anza wiki mbili au tatu kabla. Mtoto anyonye kama kawaida, mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku na usiku, na usimpunguzie hata mara moja. Kisha ongeza kukamua. Wakati mzuri ni alfajiri, baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza, maana wengi wetu huwa na maziwa mengi saa hizo. Baada ya siku chache ongeza mara ya pili, mchana au jioni.

Siku za kwanza utapata vijiko viwili vitatu. Hapa ndipo akina mama wengi huacha, wakisema "unaona, sina." Si kwamba huna. Mtoto ametoka kunyonya, na mwili bado haujajua kwamba kuna mteja wa pili. Endelea. Kwa kawaida baada ya siku kadhaa, wiki moja hivi, kiasi kinaanza kupanda.

Namna ya kukamua kwa mkono, na hapa tusiige ng'ombe. Chuchu ya ng'ombe inavutwa. Ya mtu haivutwi. Nawa mikono kwa sabuni. Uwe na kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kumiminiwa maji yaliyochemka. Kaa vizuri, inama mbele kidogo, pangusa titi kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na ulikande taratibu. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pembeni mwa ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu, si juu ya chuchu yenyewe. Sukuma kurudi nyuma kuelekea kifuani, bana, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Kwa dakika moja au mbili hakuna kitu, halafu matone, halafu michirizi. Zungusha vidole uguse kila upande. Titi moja dakika tatu mpaka tano, hamia la pili, rudi la kwanza. Yote huchukua kama dakika ishirini au thelathini kwa anayejifunza. Ikiuma, umekosea mahali. Muulize muuguzi au mhamasishaji wa afya wa kijiji akuonyeshe.

Anayemfikiria mtoto wake akikamua hupata zaidi. Mama mmoja alikuwa anaweka kofia ya mtoto begani. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kuiga.

Wale wenye friji wanaweza kuweka akiba. Lakini hapa wengi hatuna friji, na tusiseme kama wale wanaoandika vitabu vya mjini. Kwetu shabaha ya wiki hizi tatu si kujaza friji. Shabaha ni kuupandisha mwili ufike kazini ukiwa na maziwa ya kuzidi. Na yale unayokamua leo yanywewe leo leo, kwa kikombe, mkononi mwa yule atakayebaki na mtoto. Hivyo watu watatu wanafundishwa pamoja: mwili wa mama, mtoto, na nyanya au msichana wa kazi.

Kikombe, si chupa. Chupa ina chuchu ya mpira, ina kona, na uchafu unajificha humo, tena mtoto mwingine akizoea mpira analikataa titi. Mkalishe mtoto wima kwenye paja. Kikombe kiguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu. Yeye mwenyewe atayalamba na kuyavuta. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Mtoto mchanga kabisa anaweza, msiogope.

Wiki ya mwisho fanyeni jaribio. Mama aondoke nusu siku, aende sokoni au kanisani, na mtoto abaki na mlezi. Ni afadhali matatizo yatokee siku ambayo mama anaweza kurudi mbio.

Siku ya kazi yenyewe

Mchumaji anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Aamke mapema amnyonyeshe mtoto vizuri, akamue yanayobaki, amnyonyeshe tena kidogo akiwa mlangoni. Mtoto wa miezi mitatu au minne hunywa kama mililita 750 kwa siku nzima na usiku. Kwa saa tisa ambazo mama hayupo atahitaji kama mililita 300, yaani kadiri ya soda ndogo moja. Tunasema hivyo kwa sababu wengine wanafikiri ni jagi, wanaogopa bure.

Kazini, maziwa yatoke kila baada ya saa tatu hivi. Saa nne, na tena saa saba. Yawekwe kwenye chombo safi chenye kifuniko cha kubana, kikae kivulini, kimefungwa kitambaa chenye maji. Penye joto yatumike ndani ya saa nne. Kwetu huku kwenye baridi, mahali pa ubaridi yanakaa saa sita mpaka nane. Kwenye friji ni siku tatu hivi. Nyumbani mlezi asiyachemshe. Aweke kikombe ndani ya bakuli la maji moto yapate uvuguvugu, basi. Mafuta yakipanda juu, atikise kidogo, hayajaharibika. Yaliyobaki katika kikombe ambacho mtoto ameshakunywea yamwagwe, yasingoje jioni.

Na kama kazini hakuna mahali pa kuyaweka? Kamua hata hivyo. Yamwage, uchungu ni uchungu, lakini kamua. Ukiacha yajae tangu asubuhi hadi jioni, mwili utasoma kwamba mteja ameondoka, na titi linaweza kuvimba na kupata moto. Likiwa jekundu, linauma na mwili una homa, nenda kliniki siku hiyo hiyo, na usiache kulitoa maziwa.

Jioni mtoto atanyonya sana, na usiku ataamka kuliko zamani. Mama mkwe atasema, "Unaona, hashibi." Hapana. Anadai deni la mchana. Mlaze karibu, mpe. Dalili ya kushiba tunaiangalia kwingine: anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, na kilo zinapanda kwenye kadi ya kliniki. Hizo mbili zikiwa sawa, kulia kwa usiku kusimfukuze mtu kwenda dukani kununua maziwa ya kopo. Hayo ya kopo bei yake mnaijua, na tangu mwaka 2012 sheria yetu inakataza kuyatangaza kwa akina mama.

Akina baba, hapa tunawageukia ninyi. Mwanamke anayechuma majani mchana na kunyonyesha usiku hawezi tena kuchota maji na kutafuta kuni alfajiri. Hatusemi zaidi.

Saa moja ya sheria

Kuna Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Vifungu vya 71 na 72 vinasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, chenye maji, mahali pa kunawa, kiti, meza na kitu cha kuhifadhia maziwa kwa ubaridi. Na mama apewe vipindi vya kunyonyesha au kukamua, mbali na muda wake wa kula, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Hii si huruma ya msimamizi. Ni sheria ya nchi.

Lakini tuseme ukweli wetu. Ile saa moja inahesabu pia muda wa kwenda na kurudi. Chumba kikijengwa ofisini na wewe uko kwenye majani kilomita mbili kutoka pale, saa yote inaishia njiani. Pili, mchumaji analipwa kwa kilo. Sheria inampa saa, lakini kilo hazimngojei. Akikaa chini kukamua, mwenzake anaendelea kujaza kapu. Tumewaona akina mama wanaojua sheria vizuri sana na hawaitumii, kwa sababu mwisho wa mwezi wanalipa karo. Hatuwezi kuwalaumu. Mwakilishi wa wafanyakazi aulizwe mambo haya mkutanoni, kwa sauti, na zaidi ya mtu mmoja. Vibarua wana shida kubwa kuliko hiyo, na wao waende kwa ofisa wa leba wakiwa na tarehe zao za kazi zimeandikwa.

Wakati huo mtoto hawezi kungoja. Ndipo kikundi kinapoingia. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilifanya jambo dogo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelifikiria. Zamani mama akizaa, zamu yake ya mzunguko ililetwa mbele, apewe pesa mwezi wa kujifungua, zikaisha kwa wageni na soda. Wakabadilisha. Sasa zamu inakuja mwezi anaporudi kazini. Pesa zile zinafidia kilo anazopoteza akikamua, na zinamlipa mtu mzima wa kumshika mtoto karibu na kituo cha kupimia majani, badala ya kumwacha na mtoto mwenziwe nyumbani. Mtoto analetwa saa nne, ananyonya, anarudishwa. Na mtoto anayenyonya mwenyewe anatoa maziwa kuliko mkono wowote.

Maswali

Nyanya mmoja alisema kwamba maziwa yakishatoka mwilini yanakuwa baridi na yanamdhuru mtoto, na mtu mbaya anaweza kuyachukua. Tulimjibu kwa heshima kwamba hofu hiyo tunaijua. Kuhusu ubaridi, mtoto hadhuriki. Mwaka 2019 Hospitali ya Pumwani kule Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya akina mama, ya kwanza Kenya, ambapo maziwa yanayotolewa na mama mmoja hupimwa, hutiwa joto la kuua vijidudu, yakawekwa kwenye baridi, kisha wakapewa watoto wadogo kabisa ambao mama zao hawana. Kuhusu mtu mbaya, tulimwambia: nyanya, wewe mwenyewe ndiwe utakayekishika kikombe. Akacheka, akasema basi hapo hakuna atakayekigusa.

Mama mwingine aliuliza kwa sauti ya chini, baada ya wengine kutoka, na akaturuhusu tuandike: mwenye virusi vya ukimwi afanyeje? Afanye hivyo hivyo. Anywe dawa zake kila siku bila kuruka, aende kliniki kupimwa, anyonyeshe na kukamua, na kwa miezi sita asichanganye na uji wala maziwa ya ng'ombe. Kuchanganya ndiko kunakomletea mtoto hatari zaidi.

Swali la mwisho lilitoka kwa mama mdogo aliyekaa nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Alisema: "Mimi nilirudi kazini mwezi uliopita. Nilifanya kama mlivyosema mwanzoni, nilipumzisha. Sasa hayafiki hata nusu kikombe. Nimeshachelewa?"

Ukumbi ulinyamaza. Tulimwomba aje mbele tumwone mtoto. Wa miezi minne, mwembamba kidogo lakini macho yamechangamka. Tulimwambia hajachelewa. Maziwa yaliyopungua yanaweza kurudi kwa njia ile ile yaliyoondokea, ila yanataka siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi, na yanataka watu. Kuanzia siku hiyo mtoto awekwe kwenye titi kila anapotaka, hata kama halijajaa, hasa usiku. Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi asifanye kazi yoyote, alale na mtoto kifuani, wengine wapike. Kazini akamue saa nne na saa saba hata kama ni matone. Yale maziwa ya ng'ombe asiyakate kwa siku moja, mtoto atakaa na njaa. Ayapunguze kidogo kidogo kadiri yake yanavyopanda, kwa kikombe, na chupa aiache. Na Jumatano ampeleke kliniki kupimwa kilo, kisha kila wiki.

Akasema kazini hawezi peke yake, msimamizi wake ni mkali. Mwenyekiti wa kikundi chake akauliza anachuma sehemu gani. Akataja. Wanawake wawili wakanyosha mikono, wao wanachuma mistari ya karibu. Yule nyanya wa kikombe akauliza kituo chao cha kupimia kiko upande gani wa barabara, na kama hapo pana kivuli, maana mvua ya mchana anaijua. Akasema Jumatatu saa nne atakuwa pale na mtoto.